Ekari 28 za michungwa, nyasi na mteremko: ninunue mashine gani ya kufyekea?

Mwana wa Muheza

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kushika mashine za kufyekea kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu nimekwisha kutembelea maduka matatu ya zana za kilimo, na majibu niliyopewa huko hayapatani hata kidogo.

Tangu baba yetu afariki, ni mimi ninayesimamia shamba la familia lililo nje ya mji wa Muheza, upande wa njia ya kwenda Amani. Shamba lina ekari 28. Ekari 14 ni michungwa iliyopandwa kwa nafasi ya mita 8 kila upande. Mingi imepita miaka 15 na matawi yake yameshuka chini, isipokuwa ekari mbili ambazo nilipanda miche mipya mwaka juzi. Ekari 8 ni nyasi tupu, hasa nyasi za gini zilizochanganyika na vichaka. Ekari 4 ni mteremko unaoshuka mpaka kwenye kijito, na mbili zilizobaki ni makazi, njia, na banda la ng'ombe watano wa maziwa.

Baba alifyekesha shamba mara mbili kwa mwaka kwa vibarua wa jirani. Fyekeo lake bado liko ukutani, mpini wake umelika mahali alipozoea kushika kwa mkono wa kulia. Mimi nimeshindwa kuendelea na utaratibu huo. Baada ya masika iliyopita nyasi zilifika kifuani, nikaita watu sita wakaja wawili, na walipomaliza kona ya mwisho ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kurudi magotini. Mwezi Januari jirani alichoma shamba lake akijiandaa kwa kilimo, moto ukavuka mpaka, ukaingia kwenye nyasi ambazo sikuwahi kuzifikia na kuunguza michungwa 31. Sitaki kuona jambo hilo tena.

Nina akiba kidogo, na chama chetu cha akiba na mikopo kiko tayari kunikopesha. Duka la kwanza linanishauri ninunue mashine tatu za kubeba begani. La pili linanishauri mashine ya magurudumu ya kutembea nayo nyuma, ile yenye kisu kimoja kipana. La tatu lina trekta iliyotumika, ya nguvu za farasi 50, pamoja na slesha, yaani mashine ya kufyekea yenye vile vinavyozunguka, ya kufunga nyuma, na bei yake ingemaliza akiba yote na mkopo juu yake. Ninyi mngechagua lipi, na kwa nini?

Fundi wa Mitambo, Morogoro

Ndugu yangu, pole kwa msiba na pole kwa michungwa. Kabla ya kurudi dukani, chukua daftari ufanye hesabu moja ambayo muuzaji yeyote mwaminifu angekufanyia. Zidisha upana wa kisu kwa mwendo wa mashine, kisha toa robo kwa ajili ya kugeuza, kupishana mistari na kusimama. Slesha ya mita moja na nusu ikivutwa kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa hupita juu ya mita za mraba 6,000 kwa saa. Ukitoa robo zinabaki 4,500, na kwa kuwa ekari ni kama mita za mraba 4,047, unapata ekari moja na kidogo kwa saa. Mashine ya kutembea nayo yenye upana wa sentimita 80, kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole wa kilomita 3 kwa saa, itakupa kama mita za mraba 1,800, yaani ekari moja kwa saa mbili na robo. Mashine ya begani haina hesabu nyepesi namna hiyo kwa sababu inategemea mgongo wa anayeibeba, lakini kwenye nyasi zilizofika kiunoni sijapata kuona mtu mmoja akimaliza nusu ekari kwa siku, akaamka kesho yake akaifanya tena vilevile.

Kwa hiyo, kama ekari zako 28 zingekuwa uwanja mmoja ulionyooka, ningekuambia ununue trekta na tusingekuwa na la kujadili. Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoeleza, una mashamba manne tofauti ndani ya mpaka mmoja, na hapo ndipo ushauri wa maduka unapokosea, kwa kuwa kila duka limeliangalia moja tu kati ya hayo manne.

Tuanze na michungwa mikubwa. Mistari imeachana mita 8, na kama matawi yametanda mita mbili na nusu kila upande, katikati unabakiwa na njia ya mita tatu. Trekta ya nguvu 50 inapita hapo ikienda mara moja na kurudi mara moja, lakini haiwezi kuingia chini ya matawi bila kuyavunja na kuangusha matunda. Tena usiipitishe udongo ukiwa umelowa. Mizizi mingi ya mchungwa inayonyonya chakula iko karibu na uso wa ardhi, na uzito wa magurudumu ya nyuma yakipita njia ileile kila mara huugandamiza udongo ule mpaka maji yanashindwa kuzama. Nyasi za hapo zikate kwa urefu wa sentimita 8 mpaka 10, usizikwangue mpaka udongo uonekane.

Kwenye miche ya miaka miwili naomba unisikilize kwa makini. Kamba ya nailoni ya mashine ya begani inaonekana laini, lakini ikigusa shina changa kwa sekunde mbili tu huchubua gome kuzunguka mti, na mche uliochubuliwa mzunguko mzima hufa hata kama leo majani yake ni ya kijani. Usipokufa, jeraha lile la karibu na ardhi huwa mlango wa ugonjwa unaotoa gundi kwenye shina, ambao wakulima wa machungwa mnaujua vizuri. Kila mche uwe na duara la nusu mita linalopaliliwa kwa mkono na kuwekwa matandazo yasiyogusa shina, na mwendesha mashine apewe amri ya kutokuingia ndani ya duara hilo.

Kuhusu slesha yenyewe, kipimo tunachotumia mafundi ni nguvu tano za farasi kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha slesha, kwa kila futi moja ya upana. Slesha ya futi tano inataka nguvu 25 zinazofika kwenye shafti, kwa hiyo injini ya 30 mpaka 35 inaiendesha vizuri, na hiyo ya 50 unayoonyeshwa ina nguvu za kutosha hata kwa futi sita. Nguvu za trekta hiyo hazinitii wasiwasi. Ninachohofia ni umri wake. Trekta iliyotumika ikaguliwe na fundi ambaye hapati kitu kutoka kwa muuzaji: awashe injini ikiwa ya baridi, aangalie moshi, afunge slesha na kuizungusha kwa mizunguko 540 kwa dakika kwa nusu saa nzima, kisha aguse giaboksi na beringi kwa mkono. Inayochemka ndani ya nusu saa bila kazi haitamaliza siku moja kwenye nyasi za gini.

Ushauri wangu, kwa leo, ni huu: usinunue trekta. Ikodi pamoja na slesha yake mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya ekari 8 za nyasi na njia za katikati ya michungwa, nunua mashine mbili imara za begani kwa ajili ya miche, mipaka na mahali pasipofikika, na fedha itakayobaki iwe ya vipuri.

Mfuga Ng'ombe, Korogwe

Mwanangu, nimesoma maneno ya fundi na hesabu yake siipingi, ila nyote wawili mmezihesabu ekari 8 za nyasi za gini kama adui wa kufyekwa na kuachwa chini. Una ng'ombe watano wa maziwa hapohapo bandani. Wanakula nini mwezi wa Februari?

Slesha ya trekta hupiga nyasi kwa kasi, ikazipasua vipande vipande na kuzitapanya pamoja na vumbi na udongo, na baada ya hapo huwezi kuziokota wala ng'ombe hawazitaki. Kwa nyasi za kulisha, tafuta mashine ya meno, ile yenye upau mbele wenye vibao vidogo vya pembetatu vinavyokwenda kulia na kushoto kama mkasi. Inakata shina mara moja karibu na chini na nyasi zinalala mstari mmoja, nzima, safi, tayari kufungwa mizigo au kuachwa zianikwe. Haihitaji nguvu nyingi. Yangu ina upau wa mita moja na sentimita 10, inaendeshwa na injini ndogo ya petroli kwenye magurudumu mawili, na kuna nyingine zinazofungwa mbele ya pawatila, yaani trekta ndogo ya kutembea nayo nyuma, kama unayo. Mimi ni mwanamke wa miaka 58 na ninaiendesha mwenyewe asubuhi kabla ya kukamua.

Sitakuficha udhaifu wake. Haipendi mawe, wala visiki, na waya ndio mbaya kabisa. Mwaka wa kwanza kipande cha seng'enge kilichokuwa kimezama kwenye nyasi kiling'oa vibao vinne kwa mpigo mmoja, na duka lililoniuzia, ambalo liliniahidi vipuri siku ya kunipokea fedha, likaniambia nisubiri miezi miwili. Niliponunua ya pili, kabla ya kulipa niliwataka waweke juu ya meza vibao 20, ribiti zake na mkanda mmoja wa akiba. Walipoviweka, nikalipa.

Kata gini wakati wa mvua kila baada ya wiki sita mpaka nane, kabla mashina hayajawa magumu, na uache kisiki cha sentimita 10 mpaka 15. Nyasi hizo huchipua kutoka sehemu ya chini ya shina, na ukizikata mpaka udongoni mara mbili au tatu mfululizo zinadhoofika, na magugu yanachukua nafasi. Kukausha nyasi wakati wa masika katika ukanda wetu ni kujisumbua, zitaoza. Kausha zile za Januari na Februari, siku mbili au tatu juani ukizigeuza, kisha ziingize ndani kabla ya umande. Utapata chakula cha kiangazi, na wakati huohuo utakuwa umeondoa kuni zilizouleta ule moto mpaka kwenye michungwa yako. Kingine, ng'ombe wanaopita kwenye nyasi fupi hawaokoti kupe wengi, na mtu aliyewahi kupoteza ndama kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Mwana wa Muheza

Mama, shikamoo, na ninakushukuru sana. Kwa kweli sikuwahi kuziangalia zile ekari 8 kwa jicho hilo. Kila kiangazi ninanunua majani kutoka kwa watu wa bondeni huku yangu yakiungua. Fundi, nawe pia nakushukuru, hasa kwa habari ya miche, kwa sababu tayari ninayo kumi na moja yenye alama nyeupe kuzunguka shina, na sikujua zimetokana na nini mpaka nilipousoma ujumbe wako.

Naomba mnisaidie mambo mawili yaliyobaki. La kwanza ni mteremko wa kijitoni, ambao baba aliufyeka kwa mkono miaka yote. Je, mashine ya magurudumu inaweza kufanya kazi pale? La pili ni kukodi. Trekta za kukodi huku hazipatikani nyasi zinapokuwa tayari. Kila mwenye trekta yuko kwenye kulima, na akija anakuja wakati mbegu za magugu zimekwisha kupukutika.

Fundi wa Mitambo, Morogoro

Mteremko usiukadirie kwa macho, upime. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, uweke juu ya mteremko kwa kuelekea chini, uinue ncha ya chini mpaka levo ya mwashi ionyeshe ubao umelala sawa, kisha upime nafasi kutoka ncha hiyo mpaka ardhini. Ikifika sentimita 27 una nyuzi 15, na hapo ndipo mashine yoyote ambayo mtu ameikalia inapaswa kuishia. Chini ya kipimo hicho, trekta ifanye kazi kwa kupanda na kushuka, isikate mteremko kwa ubavu, na iwe na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka. Mashine ya kutembea nayo ni kinyume chake: ipitishe kwa ubavu wa mteremko, kwa sababu ukipanda nayo na ukateleza, inarudi juu ya miguu yako, na ukishuka nayo unaweza kuanguka juu yake. Kando ya kijito, mahali penye unyevu, acha ukanda wa mita kadhaa bila kufyeka kabisa. Mizizi ile ndiyo inayoshika ukingo.

Kitu kingine ambacho nilipaswa kukisema mwanzoni ni usalama wa watu walio pembeni. Nikiwa kazini niliona slesha ikirusha kipande cha nondo kutoka ubavuni, kikatoboa bati la banda lililokuwa zaidi ya hatua 60, mahali ambapo dakika chache nyuma watoto walikuwa wamekaa wakila miwa. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo sikubali kuwasha slesha ambayo haina minyororo ya kuzuia mbele na nyuma, na siruhusu mtu kusimama shambani inapofanya kazi. Kwa mashine ya begani, hakuna mtu wala mnyama ndani ya mita 15. Anayeibeba avae miwani ya kinga au kinyago cha wavu, mabuti na suruali nzito, na mashine ining'inie kwenye mikanda yake ya mabegani badala ya kushikwa kwa nguvu za mikono.

Na kwa kuwa utanunua za begani, kuwa mwangalifu na mafuta. Injini zake nyingi zinataka petroli iliyochanganywa na oili maalumu ya injini za mapigo mawili. Kitabu cha mashine kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Oili ya gari au ya trekta haifai. Mashine nyingi ninazoletewa zikiwa zimekwama pistoni ziliuawa na kijana aliyekadiria kwa kifuniko cha chupa.

Mkulima wa Nyasi, Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi hulima nyasi za Boma Rhodes na kuuza marobota, kwa hivyo nizungumzie hilo la kununua au kukodi, kwa maana nimepita njia zote mbili.

Nilinunua trekta nikiwa na ekari 20. Nilipofunga daftari la mwaka wa kwanza, nilikuta kwamba kazi ya kukata nyasi kwenye shamba langu haikufika hata saa 60. Wakati uliobaki ilikaa chini ya mwembe, betri ikafa, panya wakatafuna nyaya, na mkopo ukaendelea kudai kila mwezi. Iliokolewa na majirani, kwa sababu nilianza kuwakatia nyasi zao kwa malipo, na leo kazi hiyo ndiyo inayolipia dizeli na magurudumu. Ninachotaka kukuambia, ndugu yangu, ni kwamba ukinunua trekta kwa ekari 28 umefungua biashara ya kukodisha trekta, hata kama hukukusudia, na utahitaji dereva unayemwamini, fundi wa karibu, na muda wa kufuatilia madeni. Kama hayo unayaweza, nunua. Kama moyo wako uko kwenye machungwa na maziwa, usinunue.

Kuhusu anayekuja amechelewa, tatizo hilo tulilimaliza kwa kuungana. Mwenye trekta hakubali kusafiri kwa ajili ya ekari 8, kwani dizeli ya kuja na kurudi inamla faida. Kabla sijanunua trekta yangu, tulipokuwa majirani watano wenye ekari zaidi ya 40 kwa jumla, tulimwita kabla ya msimu, tukampa malipo ya mwanzo na kuandikiana wiki ya kuja, na tangu hapo hakukosa. Zungumza na wenzako wa Muheza wenye michungwa. Shida yenu ni moja.

Msimamizi Mstaafu, Tanga

Wanangu, nimefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kwa zaidi ya miaka 30, na kufyeka kati ya mistari kulikuwa sehemu ya kila mwaka wangu. Nimewasoma wote na sina mashine ya kuongeza. Nina la kusema juu ya ardhi yenyewe, maana mengi ya mashamba ya upande huo wa Muheza yalikuwa ya mkonge kabla hayajawa ya machungwa, na huenda hata la baba yako.

Kabla mashine yoyote haijaingia, litembee shamba kwa miguu, mstari kwa mstari, mkononi una rungu refu la kupekulia na mtu wa pili nyuma yako amebeba vijiti vilivyopakwa chokaa. Kila kisiki, jiwe, shimo la mhanga na kichuguu kiwekewe kijiti kinachozidi urefu wa nyasi. Fanya kazi hiyo mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi zimelala na ardhi inaonekana, maana baada ya mvua ya pili hutaona kitu. Visiki vinavyong'oka ving'olewe; visivyong'oka vikatwe sawasawa na ardhi. Slesha nzuri ina vile vinavyojikunja nyuma vikigonga kisiki, lakini kugonga mara kwa mara kunaivunja ile bolti iliyowekwa ikatike ili giaboksi isalie, na madereva wasio na subira huibadilisha bolti hiyo kwa ya chuma kigumu zaidi. Siku hiyo ndipo giaboksi inapokufa. Ukimwona dereva wa kukodi ameweka bolti isiyo yake, hasara ni yake. Mashine ikiwa yako, usikubali.

Angalia pia masalia ya mkonge. Jani la mkonge likiingia kwenye mashine linaacha nyuzi, nazo hujisokota kwenye habu, zikakaza kama kamba ya meli, zikala sili na kuvujisha oili ya giaboksi, wewe ukidhani chombo ni kibovu. Kila jioni tulikuwa tunazima injini, tunachomoa shafti, tunainua slesha na kuitegemeza kwa magogo, kisha kijana anaingia na kisu kifupi kuzikata nyuzi zote. Baada ya hapo grisi. Kazi hiyo ilichukua robo saa, na slesha zetu zilidumu kuliko matrekta yaliyozivuta.

Kuhusu kunoa, vile vya slesha havinolewi kama panga. Makali membamba huvunjika kwenye jiwe la kwanza. Acha ukingo wenye unene wa kama milimita moja na nusu, noa upande wa juu tu, na hakikisha vile viwili vina uzito ulio sawa, kwani kimoja kikiwa chepesi mashine hutetemeka na beringi hazimalizi msimu.

Jambo la mwisho ni moto, ambao naona ndio uliokuleta hapa. Usisubiri kufyeka shamba zima ndipo ujione salama. Mwishoni mwa Desemba, vuli inapokatika, anza na mpaka: ukanda wa mita 6 mpaka 8 kuzunguka shamba, ufyekwe mpaka chini kabisa, kisha nyasi zilizokatwa ziondolewe. Nyasi kavu zilizolala kwenye ukanda wa moto ni daraja la moto. Ukanda huo ndio mahali pekee ambapo nitakuruhusu ukwangue mpaka udongo uonekane, ila siyo upande wa mteremko, maana masika itauchukua udongo wote kijitoni. Upande huo fyeka fupi, zoa nyasi na uache mizizi.

Mwana wa Muheza

Mzee, shikamoo, na asante kwa kunifungua macho. Ni kweli, shamba lilikuwa la mkonge zamani, na upande wa mashariki mashina yake bado yamo ndani ya vichaka.

Jana na leo nimepima mteremko kwa ubao na levo ya mwashi kama fundi alivyoelekeza. Sehemu ya juu imenipa sentimita 19, na ya chini, karibu na maji, sentimita 34. Kwa hiyo ekari mbili za juu zitafyekwa kwa mashine ya kutembea nayo, kwa ubavu, na ya chini itabaki kwa mashine ya begani na fyekeo, huku ukingo wa kijito ukiachwa kama ulivyo.

Nimeamua kuacha trekta. Nitanunua mashine mbili za begani, na moja ya meno kwa ajili ya nyasi za ng'ombe, kwa sharti la vibao 20, ribiti na mkanda juu ya meza kabla ya kulipa. Ile ya kisu kimoja kipana nitaiazima kwa binamu yangu wa Pongwe, nione inavyokwenda kwenye mteremko kabla ya kuamua kuinunua. Kwa ekari 12 za michungwa mikubwa nimezungumza na majirani watatu, na mmoja wao ni yule ambaye moto ulitoka kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ukanda wa mpakani tuufyeke pamoja, yeye mita nne upande wake na mimi nne upande wangu. Jumla yetu tumefika ekari 37, na mwenye trekta amekubali wiki ya pili baada ya masika kukatika.

Fundi, limebaki swali moja. Ile miche kumi na moja iliyochubuliwa, niing'oe sasa au niisubiri?

Fundi wa Mitambo, Morogoro

Pitisha ukucha kuzunguka jeraha lote. Ukikuta mahali pana gome bichi, la kijani kwa ndani, hata upana wa vidole viwili, lililounganika kutoka chini mpaka juu ya jeraha, mche huo usiung'oe: ondoa matandazo na nyasi kwenye shina ili pakauke, na usiruhusu mashine ikaribie tena. Ule ambao umechubuka mzunguko mzima mpaka kwenye mti mkavu, chimba shimo jipya la mche mwingine pembeni yake kabla ya mvua za vuli.